Mali bila daftari: Somo kwa wanaojitolea kugawa misaada



Kila mara ukame au mafuriko yanapotufikia, tunapata barua na wageni mlangoni. Ni vijana waliomaliza shule, ni akina mama, hata wazee waliostaafu. Wote wanauliza jambo moja: "Tunataka kujitolea wakati wote na shirika la misaada, tusaidie kugawa vitu. Tufanyeje?"

Ni swali zuri, na tunawashukuru. Lakini zamani tulikuwa tunajibu haraka mno. Tulikuwa tunasema, "Karibuni, kazi iko, njooni kesho." Siku hizi hatujibu hivyo. Katika somo hili tutaeleza kwa nini.

LENGO LA SOMO: Baada ya kusoma na kujadiliana, kikundi kiweze kusema (1) mtu anayejitolea wakati wote anahitaji nini kabla hajaanza, (2) mali ya msaada ichaguliwe, itunzwe na igawiwe vipi, na (3) ni nani anayelindwa na daftari.

Tutafuata njia yetu ya kawaida: kuona, kupima, kutenda.

SEHEMU YA KWANZA: KUONA

Someni kisa hiki kwa sauti katika kikundi. Si hadithi ya kutunga. Kilitupata sisi wenyewe.

Mwaka 2011 ukame ulipiga sehemu nyingi za nchi yetu, na eneo letu halikuachwa. Mbuzi walikufa, visima vikakauka, watoto wakaacha shule wakafuatana na mama zao kutafuta maji. Shirika moja la ng'ambo likatuma kontena kupitia Mombasa. Ndani yake mlikuwa na nguo za mitumba, sufuria, na blanketi 480. Ofisi yetu ikapewa kazi ya kugawa.

Pesa za kuajiri watu hatukuwa nazo. Tukaita vijana, wakaja sita. Mmoja wao hatutamtaja jina. Tutamwita kijana wetu. Alikuwa amemaliza Kidato cha Nne mwaka uliotangulia, na karo ya kuendelea ikakosekana. Mama yake ni mjane. Wale wengine watano walikuja leo, kesho wasije. Yeye alikuja kila siku. Alifungua stoo saa moja asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi, kwa miezi mitatu. Alipakua lori, alipanga marobota, alisoma majina, aliwabebea wazee mizigo mpaka barabarani. Na sisi tulimpa nini? Chai ya saa nne, na maneno haya: "Mungu atakulipa."

Mwezi wa tatu, maneno yakaanza. Siku ya baraza la chifu mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akasema:

"Watu wa ofisi, sisi hatukuja kugombana. Tunauliza tu. Huyu kijana, koti analovaa alilitoa wapi? Na blanketi za msaada zinauzwa sokoni. Nani anaziuza?"

Watu wakaguna. Mama mmoja akapaza sauti nyuma, "Mwizi huyo!" Na neno hilo, mnajua, likisemwa mara moja mbele ya watu halirudi.

Na sisi? Tuseme ukweli. Tulinyamaza. Koti lile tulijua lilikotoka. Mmoja wetu alikuwa amempa siku moja ya baridi mwezi wa Julai, kama shukrani, bila kuandika popote. Lakini tuliogopa. Tukijibu juu ya koti, si tutaulizwa na mengine? Kijana wetu alitugeukia, akangoja tuseme. Hatukusema. Akachukuliwa na maaskari, akalala kituoni usiku ule.

Asubuhi yake tulikaa na kamati tukahesabu. Karatasi ya kupokea mzigo ilisema blanketi 480. Majina yaliyotiwa sahihi au alama ya kidole yalikuwa 469. Zilipungua 11. Tukaanza kukumbushana, mmoja baada ya mwingine, na aibu ikatushika. Tatu tuliwapa dereva na watu wake wa lori, ili wasituache njiani. Mbili tuliwapa walinzi wa usiku. Nne zilipelekwa usiku kwa familia iliyounguliwa na nyumba. Hizo ni tisa. Zote tulizitoa sisi, na hata moja haikuandikwa. Mbili zilizobaki hatujui zilikokwenda mpaka leo.

Tukamtafuta pia yule mama aliyekuwa akiuza blanketi sokoni. Hakuwa mwizi. Jina lake lilikuwa katika orodha, na alama ya kidole chake iko. Alituambia:

"Mlinipa blanketi, ninashukuru. Lakini nyumbani nilikuwa nazo mbili tayari. Nilichokosa ni unga. Mtoto hali blanketi."

Tulienda kumtoa kijana kituoni. Baraza lililofuata tukasimama mbele ya watu walewale, tukasema kila kitu: koti ni sisi, blanketi tisa ni sisi, na mbili hatujui. Tukamwomba msamaha yeye na mama yake. Mama yake alisema neno moja tu, "Nimesikia." Kijana alitupa mkono. Lakini kazi ya stoo hakurudi tena.

Hapa simameni kidogo. Kikundi kijiulize: Nani alikosea? Kosa lilianza siku gani? Msiende mbele kabla hamjazungumza.

SEHEMU YA PILI: KUPIMA

Wengi watasema kosa lilianza siku ya baraza, tuliponyamaza. Hilo ni kweli, lakini mzizi wake ni wa zamani zaidi. Kosa lilianza siku ile ya kwanza tuliposema, "Njooni kesho." Tuangalie mambo manne.

1. Anayejitolea ana tumbo

Kujitolea ni kutoa wakati wako na nguvu zako bila mshahara. Si kutoa tumbo lako. Mtu akija Jumamosi moja kufagia uwanja wa kanisa, atakula kwake. Lakini mtu akija siku sita kwa wiki, miezi mitatu, shamba lake nani atalima? Kibarua atafanya saa ngapi? Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Tukimweka kijana mwenye njaa kati ya magunia ya unga, tukampa ufunguo na tusimpe chakula cha mchana, tunamjaribu. Akishinda jaribu, bado watu hawataamini kwamba ameshinda.

Tazameni wengine walivyofanya. Huko Ufaransa, mwaka 1949, padre mmoja aliyejulikana kama Abbé Pierre alifungua nyumba yake huko Neuilly-Plaisance, karibu na Paris, kwa watu wasio na makao. Kutoka hapo ukaanza umoja unaoitwa Emmaus, ambao leo uko katika nchi zaidi ya 30. Wanajumuiya wake huenda nyumba kwa nyumba wakikusanya vitu ambavyo watu hawavitaki tena: viti, vitabu, nguo, redio. Wanavichambua, wanavitengeneza, kisha wanaviuza kwa bei ndogo. Pesa hizo zinawalisha wao na zinasaidia wengine walio maskini zaidi. Anayeishi na kufanya kazi pale wakati wote hana mshahara wa kiwanda, lakini chumba anacho, chakula anacho, na posho kidogo ya mfukoni anaijua. Hayo yote yanajulikana kabla hajaanza. Hakuna anayepewa koti gizani.

Wala msidhani kujitolea kunaanza huku kwetu tu. Robota la nguo mnaloliona stoo limepita kwanza katika mikono ya watu wengine waliojitolea. Huko ng'ambo kuna mabohari ambamo wastaafu na wanafunzi wanasimama kutwa wakichambua: hili limechanika, hili halina vifungo, hili linafaa. Kisha meli, bandari, ushuru, lori. Mwisho wa safari yote hiyo ni mtu mmoja mwenye ufunguo. Akiangushwa huyo, kazi ya wote waliomtangulia imeanguka.

2. Si kila msaada unasaidia

Mama wa sokoni alitufundisha zaidi ya semina tulizohudhuria. Tulimpa tulichokuwa nacho. Alichokuwa anahitaji hatukumwuliza.

Kosa hili si letu peke yetu. Wazee wetu wanakumbuka mahindi ya njano ya mwaka 1984. Njaa ilikuwa kali, na mahindi yale yaliletwa kutoka Marekani. Yaliokoa watu, hilo tusilikane. Lakini wengi hawakuyajua, hawakuyapenda, na mpaka leo wanayasimulia kwa kukunja uso.

Mfano mwingine ni mkubwa zaidi. Wakati wa vita vya Bosnia, kuanzia mwaka 1992 mpaka 1996, watu wa nchi nyingi walituma dawa kwa nia njema. Wachunguzi walipokuja kupima, walikuta tani zipatazo 17,000 hazifai kitu. Nyingine zilikuwa zimepita muda wake, nyingine hakuna aliyezijua. Nchi iliyotoka vitani ikabaki na kazi na gharama ya kuziteketeza. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo juu ya dawa za msaada. Mambo yake makubwa ni rahisi kukumbuka: dawa iwe imehitajiwa na nchi inayopokea, iwe na maandishi yanayosomeka na wahudumu wa huko, ibaki na muda wa angalau mwaka mmoja inapofika, na dawa zilizokwisha kupewa wagonjwa kisha zikarudishwa zisitumwe kabisa.

Basi kijana anayejitolea akikuta boksi la dawa ndani ya robota la nguo, asigawe, hata kama mtu analia mbele yake. Alipeleke zahanati. Vilevile maziwa ya unga ya watoto wachanga. Penye maji machafu, chupa ya maziwa inaweza kumharisha mtoto mpaka afe, na mama akiacha kunyonyesha maziwa yake hukauka. Hayo ni ya kuamuliwa na muuguzi, si na mwenye ufunguo.

Na nguo je? Nguo ni nzuri kwa aliyeunguliwa na nyumba au aliyesombewa na mafuriko. Lakini kama katika kijiji kuna fundi wa cherehani anayeshona sare za shule, nasi tukagawa sare za bure kila muhula, tumemvua yeye ili kuwavika wengine. Afadhali pesa hizo zimlipe yeye azishone. Kuuliza kwanza si kuchelewesha msaada. Ni sehemu ya msaada.

3. Stoo ina kazi yake

Watu hudhani kazi ya kugawa ni siku ya kugawa. Hapana. Kazi kubwa ni ile isiyoonekana: kupokea, kuhesabu, kupanga, kukagua.

Mkumbuke mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na jirani zake. Mahindi ya watu yaliingia unyevu yakaota ukungu, na ukungu ule una sumu inayoitwa aflatoksini. Waliougua walihesabiwa 317, na 125 kati yao walikufa. Hayakuwa mahindi ya msaada, yalikuwa ya nyumbani. Lakini sumu haiulizi mahindi ni ya nani. Na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo magunia yasilale sakafuni. Yapangwe juu ya mbao. Yasiegemee ukuta, acheni nafasi ya mtu kupita. Paa linalovuja litengenezwe kabla lori halijaja. Gunia lililoingia kwanza litoke kwanza. Gunia lililolowa au lenye harufu ya ukungu litengwe, liandikwe, na asipewe mtu, hata kwa kuku.

4. Mgawaji ana nguvu, na nguvu ni hatari

Hili ni gumu kulisema, lakini tusipolisema tutakuwa tumenyamaza mara ya pili.

Siku ya njaa, kijana mwenye daftari na kalamu ana nguvu kuliko chifu. Akiruka jina lako, umelala njaa. Mwaka 2002, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi pamoja na Save the Children la Uingereza walitoa taarifa juu ya kambi za wakimbizi huko Guinea, Liberia na Sierra Leone. Wasichana wadogo walieleza jinsi watu wenye mamlaka juu ya chakula na misaada, wakiwemo wafanyakazi wa mashirika, walivyowadai miili yao ili wapate kilicho haki yao. Dunia ilishtuka. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ukatoa amri kwa watu wake wote: ni marufuku kubadilishana pesa, kazi au msaada kwa tendo la ndoa, na ni marufuku kumgusa yeyote aliye chini ya miaka 18. Mashirika mengi yakafuata.

Tumemtaja Abbé Pierre hapo juu kwa kazi nzuri. Basi tuseme na la pili. Alifariki mwaka 2007 akiwa mtu anayependwa sana nchini mwake. Mwaka 2024, Emmaus wenyewe walitangaza ushuhuda wa wanawake waliosema aliwatendea ubaya wa kimwili, na baadaye wengine zaidi wakajitokeza. Safari hii jambo halikufichwa kwa ajili ya jina. Kwetu hilo ni funzo zito. Hakuna mtu mwema kiasi cha kutoulizwa: si padre, si mwenyekiti, si mfadhili, si sisi wa ofisi.

SEHEMU YA TATU: KUTENDA

Baada ya mambo ya 2011 tulikaa na wazee, akina mama na vijana, tukakubaliana taratibu. Tunazitoa hapa ili kila kikundi kipime na kurekebisha kulingana na mahali pake.

Kabla ya kuanza. Anayejitolea wakati wote apewe karatasi moja ya makubaliano. Iandikwe: kazi yake ni ipi, siku ngapi na saa ngapi, anaanza lini na anamaliza lini, atapata chakula cha mchana, nauli, na posho kiasi gani, akiumia kazini nani atamtibu, analeta malalamiko kwa nani. Posho isomwe mbele ya kamati, ijulikane na wote. Mwishoni apewe barua ya kueleza kazi aliyofanya, imsaidie kutafuta ajira. Kama kikundi hakina cha kumpa hata chakula, basi kimwombe siku mbili kwa wiki, kisimwombe sita.

Kabla ya kuagiza au kupokea. Nendeni nyumba kwa nyumba, au mkae na akina mama chini ya mti, mwulize: mnacho nini, mmekosa nini? Andikeni majibu, mpeleke kwa shirika kabla kontena halijafungwa. Na mkiletewa kisichofaa, jifunzeni kusema, "Asanteni, lakini hiki hapana." Si utovu wa adabu. Mfadhili mwema hushukuru kuambiwa.

Kuchagua watakaopata. Wananchi wenyewe waseme ni nani aanze: labda wajane wenye watoto wadogo, labda wagonjwa, labda wazee wanaolea wajukuu. Orodha isomwe barazani kwa sauti, na ibandikwe ukutani. Dini, kabila au chama cha mtu visiulizwe. Hilo si wazo letu tu. Liko katika kanuni zilizotolewa mwaka 1994 na umoja wa Msalaba Mwekundu pamoja na mashirika mengine makubwa ya misaada, kwamba msaada hutolewa kwa kuangalia shida peke yake. Muislamu, Mkristo na asiye na dini wasimame katika foleni moja.

Katika stoo. Funguo ziwe mbili, na watu wawili tofauti. Daftari liwe na safu hizi: tarehe, kitu, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, aliyepokea, sahihi mbili. Kila kitu kiandikwe, hata blanketi ya dereva, hata koti la shukrani. Kama hamwezi kuliandika, msilitoe. Kila Ijumaa mtu asiye wa stoo aje ahesabu. Na mwisho wa mwezi hesabu isomwe barazani: viliingia hivi, vimetoka hivi, vimebaki hivi, hivi havijulikani. Mstari wa mwisho ndio mgumu kusoma, na ndio unaowafanya watu waamini mistari mingine.

Siku ya kugawa. Mgawaji asiwe peke yake. Wawepo wanaume na wanawake. Kazi ifanyike mchana, mahali pa wazi, wala asiitwe mtu nyumbani kwa mtu kwenda kuchukua haki yake. Kabla ya kuanza tangazeni: "Msaada huu ni bure. Hakuna anayepaswa kutoa pesa, zawadi, wala mwili wake. Akidaiwa, amwambie fulani au fulani." Mmoja wa hao wawili awe mama asiyefanya kazi stoo. Mtoto akidhulumiwa, kuna simu ya bure ya watoto hapa Kenya, namba 116. Na ubaya wa namna hiyo si wa kumalizwa kwa mbuzi wa upatanisho. Una sheria yake tangu mwaka 2006, upelekwe polisi.

Mkisikia lawama. Msikimbilie kumfukuza mtu, wala msikimbilie kumfunika. Fungueni daftari siku hiyohiyo, mbele ya anayelaumiwa na anayelaumu. Na ninyi viongozi, kama mnajua jambo, semeni palepale. Kunyamaza kwetu kwa dakika tano kulimlaza mtoto wa watu kituoni usiku kucha.

KUMALIZIA

Methali inasema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tungeongeza: hata ikiisha vizuri, bila daftari hakuna atakayejua kwamba iliisha vizuri. Tulidhani daftari ni la kumlinda mfadhili, ili apate taarifa yake ya mwisho wa mwaka. Kumbe linamlinda mjane, aone jina lake haliwezi kurukwa kimyakimya. Na zaidi ya wote linamlinda kijana mwenye ufunguo, ambaye hana cheo, hana mshahara, na ana jina lake tu.

Vitu tunavyogawa si vyetu. Vilitoka kwa wengine. Anayejitolea wakati wote anatoa kitu kimoja kilicho chake kweli: uaminifu wake. Ni wajibu wetu tunaomwita kuhakikisha kwamba atarudi nyumbani akiwa nao, na watu wote wanajua.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kisa hiki, kama ungekuwa mmoja wa watu wa ofisi siku ya baraza, ungesema nini? Mwenzako aigize yule mzee, nawe ujibu.

2. Yule mama alifanya vibaya kuuza blanketi? Toeni sababu.

3. Katika kikundi chetu, kuna anayefanya kazi karibu kila siku bila makubaliano? Anakula nini? Tunamwambia nini?

4. Msaada gani umewahi kuletwa kwetu ambao hatukuuhitaji? Tulisema, au tulinyamaza tukapokea?

5. Leteni daftari la kikundi, mlifungue hapa. Je, mgeni akilisoma bila kuelezwa, atajua kitu gani kiliingia, nani alipokea, na nini kimebaki?

6. Ni mama gani mwaminifu katika kijiji chetu ambaye msichana anaweza kumwendea bila woga? Je, wasichana wenyewe wamekubali ni huyo?

ZOEZI LA NYUMBANI: Kila mwanakikundi aandike karatasi moja ya makubaliano kwa mtu atakayejitolea katika stoo miezi mitatu. Mkutano ujao mzisome, mchague iliyo bora, na muihifadhi katika faili la kikundi. Siku lori litakapokuja, hamtakuwa na nafasi ya kuiandika.